DAWA YA DENI NI KULIPA, LAKINI UTAANZIA WAPI?

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaipamba katika insha zetu, tukapewa alama na kufunga madaftari. Mimi nilikuja kuijua maana yake mwaka jana, muhula wa tatu, asubuhi moja mwalimu aliponiita kando baada ya gwaride. Hakunifokea. Alinionyesha tu ujumbe ulioingia katika simu yake. Ujumbe wenyewe ulimtaja mama yangu kwa majina yake yote, ukasema amekopa pesa na amekataa kulipa, na kwamba yeyote anayemjua amwambie alipe haraka. Nambari ya mwalimu ilikuwa katika simu ya mama kwa ajili ya mambo ya shule, na wale waliomkopesha walikuwa wamezichota nambari zote zilizokuwemo. Mwalimu aliufuta ujumbe ule mbele yangu, akaniambia, "Haya, nenda darasani." Nilikwenda, lakini siku hiyo sikusikia somo hata moja.

Leo nimeishika kalamu si kwa nia ya kuanika mambo ya kwetu. Nilimwomba mama ruhusa, naye akasema, "Andika, mwanangu. Aibu ilishapita. Huenda ikamfaa mtu." Najua kuwa humu shuleni si mimi peke yangu. Wako wengi ambao wazazi wao hukata simu wakiona nambari wasizozijua, na hata walimu wetu, kwa heshima zao zote, ni binadamu kama wazazi wetu. Sisi sote twajua kuwa dawa ya deni ni kulipa. Lakini methali hiyo haisemi mtu aanzie wapi ikiwa pesa zenyewe hana! Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kama nilivyoliona kwa macho yangu.

JINSI DENI LINAVYOINGIA NYUMBANI

Mama yangu ni fundi wa nguo mtaani Langas, hapa Eldoret. Alikuwa na cherehani mbili, moja akiitumia yeye na ya pili akiitumia msichana anayemsaidia. Karo yangu hulipwa kwa basari na kwa msaada wa mjomba, lakini Agosti ile pengo la shilingi 10,000 lilibaki, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mama hakutaka nibaki nyumbani. Akaenda kwa mtu wa mtaani anayekopesha, wale ambao watu huwaita shailoki.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, jina hili lisiwapite hivi hivi. Shylock ni yule mkopeshaji katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka wa 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Mle ndani Antonio anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana yake ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Shailoki wa mtaani hakati mtu nyama. Yeye alitaka riba ya asilimia 20 kila mwezi, na rehani yake ilikuwa ile cherehani ya pili. Sijui kama hiyo si nyama ya mwili wa fundi!

Basi cherehani ikaenda. Kila mwisho wa mwezi mama alipeleka shilingi 2,000 za riba, na zile 10,000 zenyewe zikabaki palepale. Kwa kuwa cherehani ilikuwa imebaki moja, kazi ilipungua na pesa zikapungua. Pengo likazibwa kwa mkopo wa simu. Mkopo ule ulipowiva, ukachukuliwa mwingine kutoka kwa kampuni nyingine ili kutuliza wa kwanza, nao haukutosha. Unga na sukari vikawa vinatoka dukani kwa kuandikiwa. Hakukuwa na anasa yoyote. Hakuna aliyenunua runinga wala kufanya sherehe. Watu wengi hudhani mwenye madeni ni mbadhirifu, kumbe mara nyingi ni mtu aliyekuwa akichimba shimo moja ili afukie jingine.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI

Likizo ya Desemba ilipofika nilirudi nyumbani nikiwa bado nina ujumbe ule kichwani. Jioni moja, baada ya chakula, nilijikaza nikamuuliza, "Mama, tunadaiwa pesa ngapi?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akajibu, "Si nyingi. Kama elfu kumi na tano hivi. Mungu atasaidia."

Nikamwambia, "Hebu tuandike, Mama. Kuandika tu. Hatulipi leo."

Hakupenda. Aliinuka akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mwishowe aliketi, akatoa simu na vijikaratasi vyake, nami nikafungua daftari langu la zamani la Hisabati upande wa nyuma. Tuliandika jina la kila anayetudai, kiasi anachodai, siku ya kulipa na riba yake. Orodha ilitoka hivi:

Shailoki: shilingi 10,000 (na riba ya 2,000 kila mwezi, ameshika cherehani)
Mkopo wa kwanza wa simu: shilingi 4,600
Mkopo wa pili wa simu: shilingi 5,750
Shangazi: shilingi 6,000 (hana riba)
Michango ya chama iliyochelewa: shilingi 3,000
Duka la mtaani: shilingi 1,850
Jumla: shilingi 31,200

Lo! Elfu thelathini na moja na mia mbili. Zaidi ya mara mbili ya alivyodhani. Mama aliitazama hesabu ile, akaniambia nijumlishe tena. Nikajumlisha tena, ikawa ileile. Nilidhani atalia. Badala yake alivuta pumzi akasema neno ambalo sitalisahau: "Kumbe ni hii tu. Mimi nilikuwa naogopa kitu kisicho na mwisho."

Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo, bila daftari, hukua bila habari. Mwanzo wa kulipa si pesa. Mwanzo wa kulipa ni kujua unadaiwa nini, na nani, na kwa riba gani. Deni lisiloandikwa ni kama giza, na gizani hata kisiki huonekana simba.

Wakazi wa mji huu mnaijua hadithi ya kasha la benki. Husimuliwa kuwa mwaka wa 1912 benki ilipokuja kufungua tawi hapa, siku hizo mji ukiitwa 64, kasha la chuma la kuwekea fedha lilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, likawashinda watu kulibeba, ikabidi benki ijengwe kulizunguka palepale. Wengi wetu ndivyo tunavyofanya na deni. Tukiona ni zito tunajenga maisha yetu kulizunguka. Tunabadilisha njia ili tusipite mbele ya duka, tunazima simu, tunaacha kwenda kwa shangazi. Afadhali kulisogeza hata kwa inchi moja.

HATUA YA PILI: KUPIMA RIBA

Madeni hayafanani. Kuna deni linalokaa kimya, na kuna deni linalokula mchana na usiku. Ili kuyalinganisha, mimi nilitumia somo letu la Hisabati. Chukua shilingi 10,000 na uulize: kwa mwezi mmoja, pesa hizi zitazaa riba ya kiasi gani?

Kwa shailoki wetu, asilimia 20 ni shilingi 2,000. Kwa ile mikopo miwili ya simu aliyochukua mama, ada ilikuwa asilimia 15 kwa siku 30, yaani shilingi 1,500. M-Shwari, ambayo Safaricom na benki ya CBA waliianzisha Novemba 2012, ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 750. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio lililobaki, yaani shilingi 100 mwezi wa kwanza, kisha inaendelea kushuka kadiri unavyolipa. Hazina ya Hasla, ambayo serikali iliizindua tarehe 30 Novemba 2022, ilianza kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo kwa mwezi ni kama shilingi 67. Kwa shangazi ni sufuri, ila macho yake tu ukikutana naye kanisani.

Mwaona tofauti hiyo, jamani? Pesa ni zilezile 10,000, mwezi ni uleule mmoja, lakini mmoja anatoa shilingi 67 na mwingine 2,000. Mkopeshaji akikuambia "asilimia kumi na tano tu", muulize: kwa mwaka au kwa mwezi? Asilimia 15 kwa mwezi, ukiichukua upya kila mwezi, ni asilimia 180 kwa mwaka. Asilimia 20 ni 240.

Tena tuwe macho na majina matamu. Sisi wapenzi wa lugha twajua kuwa shwari ni utulivu, na kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kuacha. Fuliza ilipoanzishwa Januari 2019, ilimwezesha mtu kumaliza malipo hata kama salio lake halitoshi. Huduma hiyo yaweza kumwokoa mtu siku ya shida, lakini kadiri siku zinavyopita ndivyo ada inavyoongezeka mpaka ulipe. Anayefuliza kila siku bila kuandika, siku ya mshahara hushangaa pesa zimekatwa kabla hajazigusa.

HATUA YA TATU: KUZIBA MFUKO ULIOTOBOKA

Maji hayajai katika ndoo iliyotoboka. Kabla ya kupanga kulipa, mama aliamua jambo moja gumu: hakuna mkopo mpya, hata wa shilingi mia mbili. Alizifuta zile programu za mikopo kwenye simu, baada ya kuandika kando nambari za kulipia na viwango anavyodaiwa. Kufuta programu hakufuti deni. Kunaondoa kishawishi tu.

Kisha tukaandika ukurasa wa pili, wa mapato na matumizi. Kwa mwezi wa kawaida mama hupata kama shilingi 17,000. Kodi ya nyumba 4,500. Chakula 5,500. Stima na maji 900. Gesi na makaa 1,100. Nauli na simu 1,000. Mchango wa chama 1,000. Jumla 14,000. Zinabaki 3,000, na katika hizo 2,000 zilikuwa zinaenda kwa shailoki kila mwezi bila deni kupungua hata senti.

Nawaomba mlitazame jambo hili vizuri. Chakula na kodi tuliviandika kwanza, madeni baadaye. Yule anayejinyima chakula chote ili alipe atakopa tena wiki ijayo akiwa na njaa. Afadhali kulipa kidogo kwa miezi mingi kuliko kulipa kingi mara moja kisha kurudi kule kule. Haba na haba hujaza kibaba.

HATUA YA NNE: NANI ALIPWE KWANZA?

Hapa kuna njia mbili, na watu hubishana sana. Njia ya kwanza ni kuanza na deni dogo kabisa. Ukilimaliza, unapata moyo, na jina moja linafutwa kwenye orodha. Njia ya pili ni kuanza na deni lenye riba kubwa kuliko yote, hata kama si dogo, kwa sababu ndilo linalokula pesa zako. Ya kwanza inamfaa mtu aliyekata tamaa. Ya pili inaokoa pesa nyingi zaidi. Ukiwa na njia yoyote kati ya hizo, yale madeni mengine unayapa kiasi cha chini tu cha kuyatuliza, na nguvu zako zote unazielekeza kwa moja. Likiisha, pesa ulizokuwa ukilipa hapo unazihamishia kwa linalofuata. Usizile!

Sisi tulichanganya. Shailoki ndiye aliyekuwa adui mkubwa kwa sababu mbili: riba yake ilikuwa juu, na alikuwa ameshika chombo cha kazi. Duka lilikuwa dogo, na mwenye duka ndiye aliyekuwa ametufaa wakati wa dhiki. Mikopo ya simu ikafuata, ule mdogo kwanza kwa kuwa riba yake ilikuwa sawa na ya mwenzake. Shangazi akawa wa mwisho, maana deni lake haliongezeki. Lakini kumweka mwisho si kumsahau. Mama alimpigia simu akamwambia wazi, "Wifi, pesa zako nazijua, nimeziandika, na kuanzia Mei nitaanza kukuletea kidogo kidogo." Shangazi alicheka akasema, "Hata hilo neno tu latosha. Nilikuwa nadhani umenikasirikia."

HATUA YA TANO: KUZUNGUMZA NA WANAOKUDAI

Mdaiwa akijificha, mdai humwona mwizi. Akijitokeza na mpango ulioandikwa, wengi humsikiliza. Wote hawatamsikiliza, lakini wengi watamsikiliza.

Mama alianza na akina mama wenzake wa chama. Wako kumi, kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao huchukua zote 10,000. Zamu yake ilikuwa bado mbali, tena alikuwa nyuma kwa michango ya miezi mitatu. Aliwaeleza kila kitu, akawaonyesha daftari. Mmoja wao alikubali wabadilishane zamu, ili mama achukue mwisho wa Januari, na zile 3,000 anazodaiwa zikatwe papo hapo. Asingewaeleza wasingejua. Mficha uchi hazai.

Kampuni moja ya simu ilikubali alipe kwa awamu. Ya pili ilikataa, na hiyo ndiyo iliyokuwa imetuma ujumbe kwa mwalimu. Hapa tuelezane haki zetu, kwa maana wengi hawazijui. Tangu Machi 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinazowahusu wanaokopesha kwa njia ya simu. Wanatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa. Wamekatazwa kumtisha au kumtukana mdaiwa, kumwaibisha hadharani, na kuwapigia watu waliomo katika simu yake ili kumlazimisha alipe. Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na ofisi ya kamishna wake hupokea malalamishi ya watu ambao nambari zao zimetumiwa bila idhini. Mama aliposema kwenye simu kwamba anazijua kanuni hizo na kwamba amehifadhi ujumbe ule, vitisho vilikoma. Deni halikukoma. Deni alilipa. Lakini alilipa akiwa na heshima yake.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili mtu abaki na theluthi moja ya kumlisha. Wenye mikopo ya benki, sheria ya mabenki inazuia riba kuendelea kupanda bila kikomo juu ya mkopo ulioshindikana kulipwa: riba hiyo haiwezi kupita deni lililokuwapo mkopo uliposimama. Na kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa mashirika yanayoweka kumbukumbu za mikopo, yale watu wanayoyaita CRB. Iombe uione. Huenda kuna deni ulilolilipa zamani ambalo bado limeandikwa kwa jina lako.

TULIKOFIKA

Desemba tulilipa riba ya shailoki tu, tukaweka kando 1,000. Januari ni msimu wa sare za shule, na mafundi wa Eldoret hawalali. Nilimsaidia mama kutia vifungo na kupiga pasi mpaka siku ya kurudi shuleni. Mwezi huo, baada ya chakula na kodi, zilibaki 8,000. Mama alichukua 7,000 za chama, zile 1,000 za Desemba na 4,000 za sare, zikawa 12,000: deni lenyewe 10,000 na riba ya mwezi 2,000. Hakwenda peke yake. Alikwenda na jirani awe shahidi, akadai aandikiwe karatasi ya kuonyesha kuwa deni limekwisha, nayo ikatiwa sahihi. Ndipo alipobeba cherehani yake kwenye mkokoteni mpaka nyumbani.

Usiku ule alinituma nipige hesabu ya mwisho. Riba ya miezi sita, Agosti hadi Januari, ni 12,000. Ongeza 10,000. Mkopo wa elfu kumi ulikuwa umetugharimu 22,000. Kwa Sacco ya asilimia 1 kwa mwezi, hata kama asingepunguza deni lenyewe mpaka siku ya mwisho, riba ya miezi hiyo sita ingekuwa 600 peke yake. Lakini Sacco haimkopeshi mtu ambaye hajaweka akiba. Hilo nalo ni somo: mlango wa mkopo wa bei nafuu hufunguliwa kabla ya shida kuja.

Pesa za Januari zilizosalia zilimaliza deni la duka, shilingi 1,850, na 1,650 zikaenda kwenye mkopo wa kwanza wa simu. Zile 500 za mwisho zilikuwa nauli yangu ya shule. Kufikia Februari, kati ya 31,200 tulikuwa tumebakisha 14,700, bila kuhesabu faini za kuchelewa. Februari hiyo hiyo mkopo wa kwanza wa simu uliisha. Wa pili, pamoja na faini zake, ulifutwa mwezi wa Aprili. Mei mama alianza kumpelekea shangazi 1,000 kila mwezi, kama alivyoahidi. Leo ninapoandika haya zimebaki shilingi 3,000 tu. Daftari lile lipo juu ya kabati, na majina matano yamepigwa mstari mwekundu.

NA SISI WANAFUNZI JE?

Huenda kuna anayesema, "Hayo ni ya wazee." La hasha! Humu bwenini kuna nani asiyejua biashara ya kukopa nusu mkate leo na kulipa mkate mzima siku ya wazazi? Au "nikopeshe hamsini nikurudishie themanini wiki ijayo"? Hebu pigeni hesabu. Shilingi 30 juu ya 50 kwa wiki moja ni asilimia 60. Hata shailoki wa mtaani angetuonea haya! Mwanafunzi anayezoea kukopa mkate bila kuandika ndiye kesho atakayebonyeza simu usiku wa manane bila kusoma masharti. Mimi mwenyewe nilikuwa nadaiwa na watu wanne humu shuleni. Niliporudi Januari niliandika majina yao, nikawaendea mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamesahau. Wawili hawakuwa wamesahau hata kidogo.

Kwa hivyo, mwenzangu, ikiwa kwenu kuna deni, usingoje pesa zije ndipo uanze. Usiku huu huu kuna hatua isiyohitaji hata senti moja. Tafuta karatasi na kalamu. Andika nani, kiasi gani, lini, kwa riba gani. Ukiwa mtoto, usimhukumu mzazi wako, kaa naye tu umshikie taa. Huenda sehemu ya deni hilo ni karo yako, kama lilivyokuwa langu.

Na yule mwalimu? Hajawahi kuutaja ujumbe ule tena. Natumaini akiyasoma haya atajua kuwa aliyekuwa akidaiwa ameshalipa, na kwamba mwanafunzi wake anamshukuru kwa kuufuta.

Kwa hayo machache, nawatakia mitihani mema na likizo njema. Alamsiki.